Sinunui Nisichokisugua

Mimi si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Nilifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na mtu aliyefua mashuka ya hospitali ameshaona yote ambayo mwili wa binadamu unaweza kutoa. Damu, usaha, matapishi, na mengine sitayataja kwa sababu huenda unasoma hapa huku unakula. Nilivishika vyote kwa mikono yangu, nikavisuuza, nikarudi nyumbani nikala na kushiba. Uchafu wa mgonjwa haunichukizi. Hakuuchagua.

Kwa hiyo nikisema duka la yule bwana lilinitia kichefuchefu, niamini.

Nianze na kilichotupeleka. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu, ana miaka kumi na tisa na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Husimama kwa saa nane nzima mbele ya mashine ya kufungia, anarudi na unga kwenye kope. Hana anasa nyingine, ila anapenda gemu. Humo kwenye skrini hukimbizana na kupigana na watu asiowajua, wengine wako nchi za mbali. Mimi sielewi. Lakini hata wanaotazama mpira siwaelewi, na nimewachemshia chai maisha yangu yote.

Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo alikuwa akilipia kucheza kwenye ukumbi mmoja nyuma ya karakana za magari. Siku moja mvua ilinyesha nikampelekea mwavuli, ndipo nikauona huo ukumbi kwa macho yangu.

Ni chumba kisicho na dirisha. Viti vimechanika, na sponji zilizochungulia zimekuwa nyeusi kwa jasho la migongo ya watu. Vitufe vya kuchapia vinang'aa kwa mafuta ya vidole, na katikati ya vitufe kuna nywele, chembe za mikate, na kucha. Kucha za mtu! Mtu mzima aliketi pale, akang'ata kucha zake, akazitema hapo hapo, akaendelea kucheza. Hewa yenyewe ilikuwa nzito kama maji yaliyofuliwa soksi.

Na hayo si mabaya zaidi. Nyuma ya kiti cha mjukuu wangu alisimama mwanamume mmoja, mkono kwenye egemeo, vidole vikigusa shingo ya mtoto, anamhemea kwenye nywele.

"Mrembo, unakosea," alikuwa akisema. "Simama nikae, halafu nikupakate nikufundishe."

Wenzake wakacheka. Mwenye ukumbi alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliona. Akainamia simu yake.

Mjukuu wangu aliinua bega, akausukuma ule mkono kama unavyofukuza nzi, akaendelea. Njiani, chini ya mwavuli, nikamuuliza yule ni nani.

"Hata simjui, Bibi. Wako wengi. Nimezoea."

Nimezoea! Neno hilo lilinichefua kuliko zile kucha. Zipo kazi ambazo mtu lazima azizoee, mimi nilizoea zangu. Lakini mtoto aliyekwenda kucheza hapaswi kuzoea kuhemewa.

"Unahitaji nini ili usirudi mle tena?" nikamuuliza.

"Kompyuta yangu mwenyewe," akasema, akacheka kama mtu aliyetaja kununua ndege.

Kumbe alikuwa ameshaanza kuweka akiba. Miezi kumi na minne, bila kuniambia, alikuwa akiweka kidogo kidogo. Alinionyesha daftari. Mpya dukani ilikuwa laki kumi na nane. Yeye alikuwa na laki saba na nusu. Nikaongeza kidogo kwenye pensheni yangu zikatimia laki nane, naye akasema kwa laki nane mtu hanunui kompyuta, anaiunganisha, kipande kwa kipande, vilivyotumika.

Basi kila jioni tukawa mezani na lile daftari. Alinieleza kwa subira, na hilo nilimshukuru, kwa sababu vijana wengi wakikueleza kitu wanakifanya kigumu ili waonekane wao ndio werevu. Alisema prosesa ndiyo kichwa. Ramu ni kama meza: meza ikiwa pana unatandaza kazi nyingi kwa wakati mmoja. Diski ni kabati. Saplai ni kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila mmoja kwa kipimo chake, kama mama anavyopakua. Ubao mkuu ndio sakafu ambayo wote wanasimama juu yake. Na kadi ya picha ndiyo fundi mchoraji. Kila jani, kila ukuta, kila risasi unayoiona kwenye gemu, yeye ndiye anayeichora, mara sitini kwa sekunde moja.

"Mara sitini? Halipwi huyo?"

"Ndiyo maana ni ghali kuliko wote, Bibi. Nusu ya pesa inakwenda kwake."

Tukaanza kupunguza. Kasha lolote lile, alimradi lina kifuniko. Diski ndogo, atafuta anachomaliza kucheza. Kulikuwa na feni zenye taa za rangi, nyekundu na buluu, nikamwona anazitazama kwa huruma.

"Taa zinafanya nini?" nikauliza.

"Hazifanyi kitu. Zinapendeza tu, humo ndani."

"Nguo ya ndani haihitaji lesi. Futa."

Akacheka hadi akalaza kichwa mezani. Akafuta.

Kadi ya picha aliipata kwa mtu mmoja anayeitwa Bei Poa, jina ambalo wateja walimpa kwa sababu hamalizi sentensi bila kulisema. Alitaka laki nne. Akamwambia wako watu watatu wanaingojea, asipotanguliza kitu itaondoka. Mtoto akaona hofu, akatanguliza laki mbili kwa simu, kabla hata hajaiona. Aliponiambia sikumgombeza.  Rahisi huvunja upishi, wazee walisema, lakini ukimwambia hivyo mtu aliyeweka akiba miezi kumi na minne, utakuwa unampiga aliyekwisha kuanguka.

"Nitakuja nawe," nikasema.

Jumamosi tukaenda. Duka liko ghorofa ya pili, na ngazi zake zilinuka mkojo, si wa paka. Ndani palikuwa na kompyuta za maofisini, za mitumba, zimepandana hadi dari kama makopo ya jalalani, na katikati yake njia ya kupita ubavu. Kila kitu kilikuwa na utando. Si vumbi. Vumbi ni kitu safi, linatoka barabarani. Huu ulikuwa utando wa njano unaonata, wa moshi wa sigara za miaka mingi. Nilipogusa kasha moja, kidole changu kilikataa kuondoka mara moja.

Bei Poa alikuwa anakula kuku kwa mikono nyuma ya meza ya kioo. Alituona, akapangusa vidole kwenye pazia, pazia lililokuwa na alama za vidole vya milo mingi iliyopita.

"Shikamoo bibi yangu! Karibuni, karibuni. Leo mmekuja siku ya bahati. Bei poa."

"Marahaba," nikasema. Mkono alionyoosha niliuamkia kwa mbali, nikajifanya mkoba wangu ni mzito.

Mjukuu wangu akaomba kuona makasha. Bei Poa akashusha moja, akalifungua, akalipulizia vumbi kwa mdomo, kuelekea kwetu. Vumbi, na pumzi, na chembe ya kuku iliyotua kwenye mkono wa blauzi yangu. Kisha kutoka ndani ya kasha wakatoka mende. Mmoja, watatu, halafu sikuhesabu tena. Walikimbia juu ya kioo, mmoja akapita kwenye sahani ya yule bwana, naye akamsukuma kwa kidole na kung'ata mfupa.

"Hawa hatuongezi bei, mama. Ni bure!" akacheka. "Bei poa!"

Nilihisi mate yananijaa mdomoni. Nikajikaza kisabuni.

Pale kwenye kona, chini ya taa ya mezani, alikuwapo fundi wake, mwanamume mwembamba wa makamo, anachomelea risasi kwenye kidubwana. Aliponiona nashika ukuta, akainuka bila kuambiwa. Akaleta kiti chake, akakifuta kwa kitambaa kwanza, akaniwekea. Halafu akaniletea maji. Niliona alivyokisuuza kikombe: mara mbili, na mara ya pili alikigeuza akakitazama kwenye mwanga. Katika duka lile, ulikuwa kama mwujiza.

"Pole, mama," alisema. "Hewa ya humu si nzuri kwa mtu mzima."

"Ahsante, baba," nikasema, nikanywa.

Bei Poa akaileta kadi. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Lazima niseme ilikuwa nzuri: kubwa kama tofali, nyeusi, mgongo wake unang'aa, na jina na namba yake vimeandikwa kwa maandishi meupe yaliyonyooka. Mjukuu wangu aliitazama namna ambayo sijamwona akimtazama mwanamume yeyote, na Mungu aendelee kumsaidia.

"Imetumika miezi sita tu," alisema Bei Poa. "Mwenyewe alikuwa daktari. Hakucheza gemu, alikuwa anaangalia eksirei."

Mimi nikaigeuza. Mgongo ulikuwa safi kabisa, lakini kwenye feni, chini, palikuwa na kijivu cha kutisha: vumbi lililoshikamana na mafuta, limekuwa kama sufi, na ndani yake nywele ndefu, na bawa la mdudu. Miezi sita? Nimefua miaka thelathini na moja. Najua uchafu wa miezi sita na najua uchafu wa miaka minane. Hii kadi ilikuwa kama mtu aliyepaka poda usoni na kwapa lake linavunda.

"Mjukuu wangu," nikasema, "usilipe bado. Nataka kuisafisha kwanza."

"Mtasafisha nyumbani, mama," alisema Bei Poa.

"Nyumbani kwangu hakiingii kitu na uchafu wa mtu mwingine. Na sinunui nisichokisugua."

"Bibi, jamani," mjukuu wangu akaninong'oneza. Masikio yalikuwa yanamwaka.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Tangu mwanzo aliniambia kwamba vitu hivi maji ni sumu kwao, ila spiriti haina neno kwa sababu inakauka haraka. Nikatoa mkobani chupa ya spiriti, mswaki mpya na furushi la pamba. Nikatandika gazeti juu ya kile kioo chenye mafuta ya kuku, nikaanza. Feni zilichukua robo saa. Pamba ilitoka kahawia, ikatoka nyeusi, ikatoka na vitu vyenye miguu. Watu walioingia dukani walianza kusimama kutazama. Bei Poa aliendelea kutabasamu, lakini mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza.

"Basi mama, imeng'aa. Bei poa."

"Bado mgongo."

"Mgongo ni safi!"

"Nauona. Ndiyo maana."

Pale hospitali tulikuwa na shida ya wezi. Shuka likiibwa, wanalichovya dawa mpaka muhuri wa hospitali ufifie, kisha wanapiga muhuri mwingine juu yake, na wiki ijayo mtu anatuuzia mashuka yetu wenyewe kama mali mpya. Sisi madobi ndio tuliowakamata, wala si kwa macho. Muhuri wa kweli umeingia kwenye uzi, ukipitisha kidole huuhisi hata kidogo. Muhuri wa uongo unakaa juu ya kitambaa kama mgeni ambaye hakukaribishwa. Nilifumba macho nikapitisha kidole juu ya yale maandishi meupe. Yalikuwa yameinuka. Na chini yake weusi wenyewe ulikuwa na ule ulaini wa rangi ambayo haijazeeka.

Nikamwagia pamba spiriti, nikasugua.

Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili nyeusi. Herufi nyeupe zikapinda, zikawa uji, zikaondoka. Na kutoka chini, taratibu, kama doa la zamani linavyorudi nguo ikilowa, ikatoka namba nyingine, ndogo, ya kijivu, imechimbwa kwenye bati lenyewe.

Mjukuu wangu akainama akaisoma. Akaisoma tena.

"Hii ni ya miaka kumi na moja iliyopita," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Bibi, hii... kwenye takataka wanaitupa. Haiwezi hata gemu ya nyoka."

Basi Bei Poa akasimama. Nilidhani ataona haya. Sikuwa nimemjua bado.

"Umeniharibia mali!" akapiga kelele. "Kizee umenifutia kadi! Maandishi ndiyo dhamana, umeyafuta, dhamana imekwenda. Sasa hii nitamuuzia nani? Laki nne, mnalipa! Mbili ninazo, mbili nataka sasa hivi!"

Mate yake yalinifikia shavuni. Macho makavu, hata kope hazikutingishika. Nimewaona watu wakilia kwa uongo wao, wakiruka kwa uongo wao, lakini mtu aliyeudai uongo wake bei baada ya kufutwa, huyo alikuwa wa kwanza. Nililipangusa shavu kwa pamba ile ile ya spiriti.

"Mwanangu," nikamwambia, "ninachofuta ni uchafu. Kama mali yako yote imetoka na uchafu, tatizo si spiriti."

Mtu mmoja akacheka nyuma yangu. Alikuwa bwana aliyevaa tai, mwalimu, nilikuja kujua, amekuja kununulia shule yake vifaa. Mkononi alikuwa na kadi yake, nyeusi, inang'aa, maandishi meupe. Alikuwa ameitazama kwa muda, akiisogeza karibu na miwani.

"Mama samahani," akasema kwa adabu zote, "spiriti imebaki?"

"Imebaki, mwalimu. Lete."

"Hapana, hapana, hapana!" Bei Poa akazunguka meza. "Hapa si sehemu ya kufulia!"

"Kwani unaogopa nini, kaka?" akauliza mwanamke mmoja aliyeshika laputopu. "Mimi nami nangoja zamu. Mama, nikishika foleni nasimama wapi?"

"Nyuma ya mwalimu," nikasema.

Nilikuwa nimeshalowesha pamba. Ilikuwa bado haijagusa kadi ya mwalimu pale Bei Poa alipofungua droo. Alitoa noti, akalamba kidole gumba, kidole kile kile cha kuku na cha mende, akahesabu laki mbili akilamba kila mara, akazitupa kwenye gazeti langu.

"Pesa zenu hizo. Tokeni. Na usikanyage tena hapa na mswaki wako."

Noti zilikuwa zimelowa pembeni. Sitaki hata kueleza. Nilizifuta moja moja kwa pamba kavu kabla ya kuziingiza mkobani.

Mimi nilikuwa tayari kuondoka. Nilitaka hewa, nilitaka sabuni. Lakini mjukuu wangu hakusogea. Nikamtazama nikajua anachofikiria. Maduka mengine alishazunguka yote, kwa laki nane hayakuwa na kitu. Tukitoka mikono mitupu, kesho kutwa akitaka kucheza atarudi mle chumbani msimo na dirisha, kwenye kile kiti. Alikuwa anauma mdomo. Halafu akafanya jambo ambalo mimi kwa umri wangu wote nisingelifikiria. Alimpita Bei Poa, akaenda hadi kwenye kona, akasimama mbele ya fundi.

"Shikamoo," alisema. "Wewe ndiye unayejua. Nionyeshe ambavyo hukuvipaka."



Hapo ndipo nilipotazama mikono ya yule mtu. Vidole vimeungua ncha, na chini ya kila ukucha, mstari wa rangi nyeusi. Kwenye rafu yake, nyuma ya taa, kulikuwa na kopo la rangi ya kupulizia na vibandiko vya herufi nyeupe. Ni yeye. Mkono uliosuuza kikombe mara mbili ndio uliopaka. 

Fundi akamtazama mjukuu wangu.

"Thubutu," alisema Bei Poa kutoka mbele, polepole.

"Marahaba, mwanangu," fundi akajibu, kama vile ndiyo kwanza ameisikia salamu. Akaweka chini chombo chake cha kuchomelea, akakizima kwanza, akainuka. "Una shilingi ngapi?"

"Laki nane. Na skrini sina."

"Basi achana na kadi. Kwa pesa hiyo kadi yoyote utakayouziwa mjini ni mbuzi kwenye gunia." Hakumwangalia bosi wake hata mara moja. Akafungua droo ya chini kabisa, akatoa kidubwana kidogo kama biskuti, kimefungwa kwa karatasi. "Hii prosesa ina mchoraji wake ndani. Si hodari, lakini anachora. Utacheza kwa kupunguza mambo: vivuli uzime, nyasi uzime. Siku ukipata pesa, utaongeza kadi. Ubao huu," akashusha mmoja kutoka rafuni, "una nafasi yake."

Akachukua ramu mbili. "Chukua pacha, ndogo mbili, usichukue kubwa moja. Huyu mchoraji wa ndani anaazima meza ya ramu, na akiwa na meza mbili hakwami." Halafu akaenda kwenye rundo la saplai. Hakusoma maandishi. Alizipima kwa mkono, moja moja, kama mtu anayenunua viazi, akiziacha zile nyepesi. "Nyepesi ni bati tupu, ndani wamepunguza. Itaunguza kila kitu." Akakuta moja nzito, akampa mtoto. "Hii chafu sana. Lakini ni ya kweli."

"Zote hizi ni za kweli?"

"Hizi sikuzigusa," akasema fundi. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Laki tano na tisini elfu, pamoja na diski ndogo na kasha. Bei Poa alipokea pesa bila kusema bei poa. Mbele ya mwalimu na yule mwanamke na wengine waliokuwa wameongezeka, angesema nini? Tulipokuwa tunashuka zile ngazi za mkojo nilisikia anaanza kumpigia fundi kelele, na mlango ukafungwa.

Mwezi uliofuata mjukuu wangu alipita pale barabarani, akapanda kuchungulia. Kwenye kona alikaa mtu mwingine. Nimemfikiria mara nyingi yule fundi. Kufua kazi yake ya kwanza ni kutenganisha: nyeupe huku, rangi huku, zenye damu huku. Yeye mpaka leo sijui nimweke fungu gani. Waliouziwa zile kadi zake walikuwa nao wameweka akiba miezi yao. Nikimkumbuka kwa kikombe, nakumbuka kucha. Nikimkumbuka kwa kucha, nakumbuka kikombe.

Kesho yake baada ya kununua, Jumapili, tulisafisha nje, tangu asubuhi. Kasha lilitoa mende kumi na saba, na mayai yao yamejipanga kwenye pembe kama punje za maharage. Utando wa sigara ulipolainika ukatiririka kama chai iliyozidi majani, na harufu ikapanda kana kwamba mvutaji mwenyewe amekaa kati yetu. Saplai nilikatazwa kuifungua, mjukuu aliipulizia tu kwa pampu ya baiskeli, na kilichotoka mle sitakisahau. Nilitupa blauzi niliyoivaa, wakati sijawahi kutupa blauzi kwa sababu ya uchafu.

Skrini tuliipata kwa jirani, ina mstari wa kijani upande mmoja, akatuachia kwa laki moja na nusu na akatubebea mwenyewe hadi mlangoni. Alasiri mtoto akaunganisha. Akabonyeza, hakikutokea kitu. Akatoa ramu, akazirudisha kwa nguvu hadi zikalia, akabonyeza tena. Feni ikazunguka. Skrini ikawaka. Hakupiga kelele. Alikaa tu mikono mapajani, machozi yanamtoka kwenye zile kope zake.

Gemu yenyewe ilikuja na miti kama mafagio na watu wenye nyuso za udongo. Kila baada ya muda ilisita kidogo, kama mzee anayepanda ngazi.

"Mbaya hivi?" nikauliza.

"Mbaya, Bibi," alisema anacheka. "Nzuri sana."

Nilivuta kiti nikakaa kando yake na ufumaji wangu. Hakuna aliyesimama nyuma yake. Baada ya nusu saa akamwangusha mtu huko ndani, na kwenye spika ikasikika sauti ya mwanamume, changa, imejaa kamasi. Alikuwa amemjua kuwa ni mwanamke kwa jina alilojipa. Akaanza. Alisema atakachomfanyia, na wapi, na mengine ambayo hata wagonjwa wenye homa kali hawakuyasema mbele yangu. Sindano ya kufumia ikasimama mkononi mwangu.

"Anaweza kutuona?"

"Hapana, Bibi. Hayupo hapa."

"Na wewe unafanyaje, unamsikiliza tu?"

Alinyoosha kidole kwenye skrini. Pembeni ya jina la yule mtu palikuwa na alama ndogo ya spika.

"Nikibonyeza hapo, nazima sauti yake. Ataongea hadi akauke, peke yake. Kule ukumbini hakukuwa na kitu cha kubonyeza."

Yule mtu alikuwa bado anaendelea, sasa amefika kwa mama zetu.

"Ngoja," nikasema. Nikaweka ufumaji chini, nikafuta kidole changu kwenye kanga ingawa kilikuwa safi. "Nipe hicho kipanya. Nataka kubonyeza mwenyewe."